Kisomeo cha Shangazi Ragnfrid

Vinstra, 14 Novemba 2022

Mpendwa Eilert,

Salamu zangu kwako, kwa mkeo Tone na kwa watoto huko Stavanger, ikiwa mvua yenu itaziachia nafasi ya kupita. Huku theluji imeanguka mara mbili na kuyeyuka mara mbili, bado haijaamua. Goti langu la kushoto ni zima. La kulia tumeacha kusemezana. Oddmund, jirani wa nyumba ya chini, amechinja kondoo wake na kuniletea paja, nikampikia kwa kabichi mpaka akalegeza mkanda mezani kwangu bila aibu.

Kishikwambi kimefika. Asanteni sana. Sijui nani aliwaambia kwamba mtu akitimiza miaka themanini na minne hupewa kioo, lakini nimekipokea kwa mikono miwili. Synne wa maktaba ndiye aliyekiwasha. Kinang'aa kama dirisha la duka wakati wa Krismasi. Nimekiona kitabu ulichokitia ndani, kile cha daktari wa visiwani, na nimekuelewa: unataka mwaka huu tuanze kitabu cha Pasaka mapema, wewe huko na mimi huku. Ni wazo jema. Babu yako angelipenda, ingawa angeuliza kitu hicho kitakatwaje kwa kisu.

Unakumbuka alivyokuwa akivikata? Riwaya moja ya upelelezi kila Pasaka, imenunuliwa Lillehammer, nasi tumejaa ndani ya kijumba mlimani bila umeme wala bomba la maji. Alikilaza kitabu mezani, akachukua kisu chake cha samaki, akakipasua mgongoni vipande vipande. Ukimaliza kipande chako unampa anayefuata. Cha mwisho alikitia mfuko wa ndani wa koti lake. Kumwuliza mtu amefika wapi, marufuku. Kuchungulia ukurasa wa mwenzio, marufuku zaidi. Jumamosi kila mtu aliandika jina la muuaji kwenye karatasi, akaisukuma chini ya birika la kahawa, ndipo mzee alipotoa kipande cha mwisho na kutusomea. Baba yako Arvid alichungulia mara moja tu, akiwa na miaka tisa. Pasaka ile aliimaliza jikoni akisugua masufuria.

Nina lalamiko moja. Juzi maiti imelala sakafuni, daktari ameinama kuigusa shingo, mara ikaruka picha ya mbwa wa Tone akiwa amevaa sweta. Sijui ninyi mnasomaje.

Shangazi yako,
Ragnfrid


Stavanger, 5 Desemba 2022

Shangazi mpendwa,

Barua yako imechukua muda kufika; siku hizi posta wanatuletea siku moja, wanaruka moja. Sisi wote wazima. Tone anakusalimu na kuomba radhi kwa ajili ya mbwa. Kazini ni kama kawaida: nimekaa mbele ya skrini zangu, naangalia visima vya mafuta vilivyo mbali baharini, na presha ikipanda mahali fulani najua kabla ya watu walio juu yake kujua. Tone anasema nikirudi nyumbani naangalia hata sufuria ya viazi kwa namna hiyohiyo.

Picha zinazoruka zinaweza kuzimwa. Mwambie Synne afungue mipangilio. Lakini usizime kila kitu. Kamera iache, ili tuweze kuonana, maana simu unasema husikii vizuri.

Nimeona pia kwamba mwandiko wako umekuwa mkubwa mno. Barua moja, karatasi saba! Tone aliuliza kama umetukasirikia.

Kuhusu Pasaka: bado unataka kupanda kijumbani peke yako? Sisemi usiende. Ila ningependa uende na kishikwambi, ukiwashe kila asubuhi, nikuone. Tangu yale yaliyotokea kwa baba, mimi, basi, unajua. Tuyaache hayo.

Krismasi njema kabla ya wakati wake.

Eilert wako


Vinstra, 3 Januari 2023

Mpendwa Eilert,

Heri ya mwaka mpya. Krismasi nilikula mbavu za kondoo kwa Oddmund, naye akaimba, na mbwa wake akaomba kutoka nje. Baridi imeshika kweli sasa. Ukitema mate yanaganda na kulia kabla ya kufika chini. Nimeipenda. Baridi ya namna hii ndiyo niliyozaliwa nayo.

Sijawakasirikia. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu karatasi ni yangu.

Kitabu kinaendelea. Daktari wako ni mtu mjanja. Sitasema zaidi ya hapo na wewe usiulize.

Kishikwambi ni kizito kukishika ukiwa umelala, na mwanga wake unatoka nyuma ya maneno na kunipiga usoni, kama mtu anayekumulika tochi ilhali anataka mzungumze. Nimeyakuza maneno, nimeupunguza mwanga, nimefanya yote aliyonionyesha Synne. Baada ya mistari michache maneno huanza kuogelea. Nakifunika, nakunywa kahawa, nakifunua tena. Hata hivyo zawadi ni zawadi.

Kijumbani nitakwenda, kama nilivyokwenda kila Pasaka tangu babu yako alipopigilia ubao wa kwanza. Oddmund atanipandisha kwa pikipiki yake ya theluji.

Shangazi yako,
Ragnfrid


Stavanger, 20 Januari 2023

Shangazi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na kuni za kutosha. Huku upepo umeng'oa paa la kibanda chetu cha baiskeli. Mwanangu mkubwa amepata leseni ya gari, kwa hiyo sasa nina skrini moja zaidi ya kuangalia, ile ya kichwani.

Nakuomba usikate tamaa na kitabu. Najua umekwama pale daktari anapofungua banda la mashua, lakini ukishavuka hapo kitabu kinakimbia chenyewe. Mimi nilikimaliza kabla ya Krismasi.

Jambo dogo jingine. Huenda baada ya Pasaka mtu wa manispaa yenu akapiga hodi kwako. Ni mazungumzo ya kawaida tu, kila mtu wa umri wako hupata. Usimpokee vibaya.

Eilert wako


Vinstra, 2 Februari 2023

Eilert,

Mimi mzima. Kuni ziko.

Sikukwambia nimefika wapi. Sikumwambia Synne, sikumwambia Oddmund, na Oddmund mwenyewe hasomi ila bei za matrekta. Umejuaje habari ya banda la mashua?

Na mtu wa manispaa ameitwa na nani?

Ragnfrid


Stavanger, 13 Februari 2023

Shangazi mpendwa,

Nimekaa na barua yako siku kadhaa. Nitajibu bila kuzunguka.

Kitabu kilinunuliwa kwa akaunti yangu. Chombo kinahifadhi ukurasa uliofikia ili mtu akibadilisha kifaa aendelee pale pale. Kwa hiyo nauona. Naona pia saa unazokiwasha na muda unaokaa kwenye kila ukurasa. Mwanzoni sikukusudia, nilifungua nikakuta. Baadaye nilifungua kila siku kabla ya kazi. Kuliona jina lako likiwaka kulinipa amani.

Halafu nikaona umekaa ukurasa mmoja siku nne. Unasonga mbele, unarudi, unakifunga, unakifungua hapo hapo. Wewe, uliyetusomea sisi wote, uliyekuwa ukimaliza kipande chako kabla babu hajakata cha pili! Shangazi, niliogopa. Nilisoma mtandaoni dalili za akili kuanza kuchoka na nikaikuta hiyo. Ndipo nikaiandikia manispaa waje wakuone na waseme kama bado inafaa uishi peke yako. Kuna nafasi nzuri kwenye nyumba ya wazee ya Otta, chumba chenye roshani. Sijaamua chochote kwa niaba yako. Nimeuliza tu.

Ni kwa usalama wako. Hakuna sababu nyingine.

Nisamehe kuhusu banda la mashua.

Eilert


Vinstra, 6 Machi 2023

Eilert, mwana wa kaka yangu,

Nimechelewa kukujibu kwa makusudi. Barua ya kwanza niliyoiandika niliitia motoni, na ya pili pia, na chumba kikapata joto zuri. Hii ndiyo ya tatu. Tone na watoto wasalimie. Wao hawana kosa. Jua limerudi kwenye kilima cha mashariki na matone yameanza kudondoka mchana kwenye ukingo wa paa.

Kishikwambi chako kiko posta, kimefungwa vizuri katika blanketi la mtoto. Nimekifuta alama zote za vidole. Mimi si kisima cha mafuta, Eilert. Presha yangu ikipanda nitakuandikia.

Mahali pake nimenunua kisomeo. Usiende kukitafuta mtandaoni, nitakueleza mwenyewe. Ni kifaa cha kusomea vitabu na hakina kazi nyingine. Hakipigi picha, hakipokei mbwa, hakijui hali ya hewa. Ukurasa wake ni kama karatasi ya gazeti, hauwaki. Ukikitoa juani maneno yanazidi kukolea. Ni chepesi kuliko kikombe cha kahawa na mtu anaweza kugeuza ukurasa akiwa na glavu, maana kina vitufe pembeni. Chaji moja inakaa wiki nyingi. Kwenye mtandao sijakiunganisha na sitakiunganisha.

Mwenye duka alijaribu kunizuia. Kijana mpole, ana kipini cha nywele.

"Bibi, kwa bei inayokaribia hiyo utapata kishikwambi. Kinafanya mambo yote."

"Ndiyo sababu nimekuja kutafuta kinachofanya jambo moja."

"Lakini hiki hakina rangi! Hakina filamu! Wajukuu watakupigiaje?"

"Wataandika barua. Na wewe, mama yako unamwandikia?"

Akanifungia kisomeo changu. Synne ndiye anayenitilia vitabu kwa waya, pale pale kaunta ya maktaba, na hamwambii mtu ninachochukua. Nilimwuliza kama anaweza kuona nimefika wapi. Akasema, "Mimi? Hata wewe nikikuuliza utaniambia?" Nikasema hapana. Akasema, "Haya basi."

Sasa lile neno lako, "kwa usalama wako". Nitaliandika mara moja, kisha tusirudi tena hapo.

Nilikuwa na miaka sita, wakati wa vita. Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa ghala la samaki, huko kwetu Finnmark, kaskazini kabisa, mwezi kama huo wa Novemba ulioniletea zawadi yako. Askari wa Kijerumani alisimama juu ya kreti na kulisoma kwa Kinorwei cha kuvunjikavunjika: watu wote waondoke, ni kwa usalama wao. Kwa usalama wetu ng'ombe wa mama alipigwa risasi zizini. Kwa usalama wetu tulisukumwa ndani ya boti ya kuvulia, watu juu ya watu, na babu yako akaficha kisu chake cha samaki ndani ya buti. Boti ilipoizunguka rasi niligeuka. Ghala lilikuwa linawaka, kanisa linawaka, na nyumba yetu, yenye rafu moja ya vitabu na pazia alilolifuma mama, ilikuwa inawaka pia. Ilichomwa vizuri, kwa utaratibu, kwa usalama wetu. Tulipofika bonde hili walitupa chumba na supu, na sijawahi kuacha kuwashukuru. Lakini nimeishi hapa tangu siku ile, na bado mtu dukani akinisikia nikitamka neno "bahari" huniuliza nimetoka wapi.

Kwa hiyo mtu akiniambia natakiwa kuondolewa nyumbani kwangu kwa usalama wangu, mimi husikia harufu ya moshi. Hilo halitibiki na sitaki litibiwe. Chumba cha Otta kina roshani, nimekielewa. Mpe anayependa roshani.

Na nitakuambia pia lile ambalo hukulimaliza katika barua yako ya Desemba. Arvid alianguka jikoni na akalala sakafuni siku mbili kabla ya mtu kumkuta. Hukuwepo. Mimi pia sikuwepo, na nilikuwa karibu kuliko wewe. Wewe unaniangalia mimi kwa sababu hukumwangalia yeye. Naelewa, mwanangu, na inaniuma. Lakini mimi siwezi kuwa Arvid kwa ajili yako. Yeye alipenda kuangaliwa. Mimi sipendi.

Kwa nini nilikaa siku nne kwenye ukurasa mmoja, hilo ni langu. Hukuniuliza, ulipima.

Njoo Pasaka. Kitabu cha daktari umekiharibu, ila Synne ametuchagulia kingine, cha mwalimu wa kwaya aliyekutwa ndani ya shimo la kuvulia samaki kwenye barafu. Leta kishikwambi chako kikishafika, nami nitakuwa na kisomeo changu. Sheria za kijumba ni zilezile.

Shangazi yako,
Ragnfrid


Stavanger, 24 Machi 2023

Shangazi,

Nimesoma barua yako kwa sauti, kwa Tone, na sikuweza kuimaliza. Akaimalizia yeye.

Nitakuja Alhamisi Kuu. Nitaleta kishikwambi, machungwa na chokoleti. Mtu wa manispaa ameandika kwamba atakuja kwako tarehe 18 Aprili. Nilijaribu kumsimamisha, anasema faili likishafunguliwa lazima mtu aje. Hilo ni kosa langu, na Tone amenikumbusha zaidi ya mara moja.

Baba hatutamzungumzia huko juu, tafadhali. Au labda tutamzungumzia. Sijui.

Eilert wako


Stavanger, 14 Aprili 2023

Shangazi mpendwa,

Nimefika salama. Pua yangu inabambuka kama viazi vipya na wenzangu kazini wanacheka. Naandika mapema kwa sababu kuna jambo sikulisema tulipokuwa mlimani, na nadhani wewe ulijua kwamba silisemi.

Oddmund aliponishusha mlangoni ulikuwa umekaa kwenye ukuta wa jua, ngozi ya kondoo chini yako, chungwa mkononi, kisomeo gotini. Hukuinua hata kichwa.

"Umechelewa," ukasema. "Nimeshamzika maiti wa pili."

"Shangazi! Sheria!"

"Sijasema yuko ukurasa gani."

Nikaketi, nikafungua kishikwambi. Jua linapiga theluji, theluji inakipiga kioo, na kwenye kioo nikajiona mimi mwenyewe na mafuta meupe puani. Nilikigeuza huku, nikakigeuza kule, nikajifunika koti langu la buluu kichwani kama mpiga picha wa zamani.

"Unasoma au unajificha?" ukaniuliza.

"Nasoma."

"Muuaji ni nani, basi? Kwa sasa naona ni mtu mwenye koti la buluu."

Usiku nilikisahau ukumbini, na asubuhi ya Ijumaa Kuu baridi ilikuwa imeinywa betri yote. Ukasema, "Waambie Stavanger wakuletee waya." Nilicheka, lakini nilikuwa na hasira, nataka ujue hivyo. Nilikuwa nimepanga kukuonyesha kwamba kitu hiki kina maana. Ndipo ukasema, kama jambo la kawaida, "Keti hapo karibu na jiko. Nitakusomea. Baba yako naye nilimsomea kabla hajajua herufi."

Ukasoma mpaka kahawa ikaisha. Hukusita hata mara moja. Mke wa mwalimu ulimpa sauti yake, kasisi sauti yake, yule mvuvi wa kaskazini ukampa sauti ya babu mwenyewe, mpaka nikageuka kuangalia mlango.

Kisha nikainuka kutia gogo jikoni, nikapita nyuma yako, na nikaona. Sikukusudia, shangazi, ingawa najua hii ni mara ya pili nakuambia hivyo. Kwenye ukurasa wako palikuwa na maneno matatu kila mstari. Kila neno lilikuwa kubwa kama maandishi ya kibao cha barabarani. Wewe ulikuwa umekigeuza kichwa pembeni, unayaangalia kwa ukingo wa jicho, kama ndege anavyoangalia punje.

Nikasimama na gogo mkononi mpaka ukasema, "Moto hauwashwi kwa kushangaa."

Nikaelewa karatasi saba za barua moja. Nikaelewa siku nne. Mimi nilitazama namba na nikaona akili inayozimika, kumbe ni mwanga wa chombo changu uliokuwa unakuumiza, nawe ulikuwa unarudi pale pale kwa ukaidi ili usishindwe na zawadi.

Jumamosi wote tuliandika majina chini ya birika na wote tukakosa. Mpiga kinanda! Mimi niliandika kasisi, wewe uliandika mke wa mwalimu, na uliipiga meza ngumi ukasema mwandishi ni mwongo. Usiku ule tulizungumza habari za baba mpaka kuni zikaisha, na hayo sitayaandika.

Nimeiandikia manispaa tena. Nimewaambia nilikosea na sababu niliyotoa haikuwa kweli. Habari ya macho yako sikuitaja. Ni yako.

Eilert wako


Vinstra, 2 Mei 2023

Mpendwa Eilert,

Salamu nyingi. Barafu ya mtoni imevunjika juzi kwa kishindo, na Oddmund amefungulia kondoo. Pua yako ipake samli. Goti langu la kulia limeomba msamaha.

Bibi wa manispaa alikuja siku yake. Ni mwanamke wa makamo, mwangalifu, ana kalamu ya kijani. Nilimkaribisha kahawa, tukaanza.

"Leo ni siku gani, Ragnfrid?"

"Jumanne. Siku ya kuzoa takataka za karatasi, na umeegesha gari lako mbele ya pipa langu."

Akatoka akalisogeza. Aliporudi akaniuliza kama huwa napotewa na mambo. Nikamwambia nimepotewa na kijiji kizima, lakini hilo lilifanywa na watu wengine. Akaniangalia, kisha akaiweka kalamu chini, nikampenda kwa hilo.

Ndipo nikamwambia mwenyewe. Daktari wa macho wa Lillehammer alinieleza tangu masika ya mwaka jana. Katikati ya macho yangu pamefifia na patazidi kufifia; pembeni patabaki. Nikikutazama usoni, Eilert, naona masikio yako na nywele zako, na katikati ukungu. Sikukwambia kwa sababu nilijua ungekimbilia skrini. Gari nililiuza mwaka huohuo. Wewe ulidhani ni kwa ajili ya goti.

"Na unasomaje?" akaniuliza.

Nikamwonyesha kisomeo. Akakishika, akakipeleka dirishani, akakirudisha kivulini.

"Kuna vishikwambi vyenye kengele ya dharura," akasema. "Mtu akianguka, ofisi inajua. Ni kwa usa..."

"Usilimalize neno hilo ndani ya nyumba hii," nikamwambia. "Kunywa kahawa."

Akanywa. Ameandika kwamba nabaki hapa. Atanitumia taa ya ngazini na mkanda wa njano wa kubandika kwenye kila ukingo wa ngazi, na atakuja tena vuli. Nimemwambia vuli ni mbali na mlango uko wazi, ila aegeshe upande wa pili.

Hiyo haina maana kwamba nimeshinda milele. Najua kinachokuja. Siku moja hata maneno matatu kwenye mstari yatakuwa mengi, nami nitabaki na neno moja moja, kama mtoto. Basi nitasoma neno moja moja. Macho yakiniondolea hilo pia nitamwita mtu anisomee, na nitamchagua mwenyewe. Anaweza kuwa wewe, ukijifunza kutoa sauti ya kasisi vizuri.

Nimekufanyia jambo moja, na ni kwa ajili ya Arvid, si kwa ajili ya manispaa. Kila asubuhi napandisha pazia la jikoni. Oddmund analiona kutoka zizini. Kijumbani nitapandisha ile bendera nyembamba ya babu yako, kama kila mtu mlimani anavyofanya akiwa nyumbani. Oddmund anaiona kwa darubini yake ya kuwindia paa. Pazia likikaa chini mpaka saa ya kahawa ya pili, atakuja, na akikuta nimelala tu nitamtupia kiatu. Ndiyo habari zote utakazopata juu yangu bila kuniuliza: pazia liko juu. Zilizobaki uliza, nami nitaamua kama nijibu.

Tone aniandikie kuhusu mbwa. Nimeanza kumkumbuka.

Synne amenitilia kitabu kipya, kinene, cha nahodha aliyeporwa meli yake akiwa amelala ndani yake. Tangu jana nimekaa nacho kwenye benchi la nje, jua limenipiga ukurasani na kila neno limesimama wima kama mwerezi. Nakisoma polepole, kwa pembe ya jicho, narudi nyuma ninapotaka kurudi.

Nimefika wapi, hutajua.

Shangazi yako,
Ragnfrid